Sampu na ovaflo ya tangi la maji ya bahari: kutafuta chanzo cha kelele, viputo na maji sakafuni

Kwenye tangi la maji ya bahari lenye sampu (tangi la pili lililo chini, ambako maji huchujwa kabla ya kurudishwa juu) kuna sehemu tatu za kutazama kabla ya kushika koki yoyote: tangi kuu, sanduku la ovaflo (lile lenye meno pembeni mwa tangi, linalopokea maji yanayofurika na kuyapeleka kwenye sampu kwa bomba la kushusha), na chumba cha mwisho cha sampu, inapokaa pampu ya kurudisha maji juu. Siku mfumo unapofanya kazi vizuri, chora mstari kwenye kioo cha kila sehemu kwa kalamu ya wino usiofutika, pampu ikiwa inazunguka. Kisha zima pampu, subiri maji yatulie, na uchore mstari wa nne kwenye sampu. Mistari hii hukuonyesha ni maji ya wapi yaliyosogea, na matatizo karibu yote ya mabomba haya hujitambulisha hivyo.

Kimo cha maji ya tangi kuu hushikiliwa na kizingiti cha sanduku, yaani ukingo wenye meno ambao maji hupita juu yake. Vyumba vya mwanzo vya sampu hushikiliwa na vigawanyo vya kioo. Chumba cha pampu peke yake ndicho kilicho huru kupanda na kushuka, kwa hiyo upungufu au ziada ya mfumo mzima huonekana pale.

Chumba cha pampu kikishuka na kwingine kote kumetulia, maji yamepungua kwa mvukizo au kuna mahali panavuja. Kikishuka huku maji ya sanduku yamepanda, bomba la kushusha limeziba. Kikishuka, sanduku likawa chini kama kawaida, lakini tangi kuu limepanda, basi meno ya kizingiti yamezibwa na mwani au na konokono aliyelala hapo. Chumba kikipanda na tangi kuu likashuka kidogo, pampu imedhoofika: maji machache yanapita juu ya kizingiti, yaliyobaki yamekaa chini. Kikipanda na kwingine hakuna kilichobadilika, kuna maji yaliyoongezwa, na mtuhumiwa wa kwanza ni kijazio cha maji cha kujiendesha.

Mvukizo huwatisha wengi bila sababu. Chumba cha pampu chenye sentimita 30 kwa 40 kina lita 1.2 kwa kila sentimita ya kimo. Tangi likipoteza lita 5 kwa siku, jambo la kawaida nyumba ikiwa na joto na feni inapuliza juu ya maji, chumba hicho kitashuka zaidi ya sentimita 4 kwa siku moja hata kama hakuna tone lililovuja. Kinachopotea ni maji tu, chumvi inabaki, kwa hiyo jazia maji safi yasiyo na chumvi.

Sanduku linaguguma, linanyamaza, linaguguma tena

Hii ni dalili ya bomba la kusimama la aina ya Durso: bomba lenye tii au elbo juu na tundu la hewa kwenye kifuniko. Maji hupanda ndani ya sanduku, yanajaza bomba, sifoni (mvuto wa bomba lililojaa maji bila hewa) inashika na kufyonza sanduku kwa sekunde chache, kisha bomba linameza hewa na sifoni inakatika. Mzunguko unaanza upya.

Anza na tundu la hewa. Chumvi hulifunika, na kijiti cha meno chenye maji ya moto hutosha kulizibua. Kama liko wazi na mguguno unaendelea, ni dogo mno. Toboa kwa keekee ya milimita 3, sikiliza kwa dakika kumi, panda hadi 4, kisha 5. Ukizidisha utasikia maji yakianguka ndani ya bomba kama kwenye mfereji. Hapo ziba sehemu ya tundu kwa utepe. Njia safi zaidi ni kupitisha kibomba cha hewa cha milimita 6 kwenye kifuniko na kufunga kikoki chake kidogo, ili uongeze na kupunguza hewa bila kutoboa tena.

Kama hewa haikuponya, tazama mwisho wa bomba kwenye sampu. Ukizama sentimita 10 au 15, hewa inayoshuka na maji haina pa kutokea na inarudi juu kwa mabonge. Kata bomba lizame sentimita 2 au 3 tu. Kisha tazama njia yenyewe: kipande kilicholala na elbo mbili za nyuzi 90 hukusanya hewa. Tumia elbo za nyuzi 45 na uhakikishe bomba linateremka njia nzima.

Sababu ya mwisho ni mtiririko mkubwa kupita kiasi, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Durso ya inchi moja hupitisha takribani lita 2,000 kwa saa kwa utulivu. Zaidi ya hapo utapambana na kelele bila mwisho. Pima mtiririko wako halisi: elekeza bomba la kurudisha kwenye ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 15, una lita 2,400 kwa saa. Tangi la lita 300 linatosheka na mara 3 hadi 5 ya ujazo wake kwa saa, yaani lita 900 hadi 1,500. Msukosuko ambao matumbawe yanauhitaji hutolewa na pampu za mawimbi ndani ya tangi. Pampu ya kasi inayorekebishika ipunguze kwenye kidhibiti chake. Ya kawaida ikabe kwa koki upande wa kutokea maji, kamwe si upande wa kuingilia, kwa sababu pampu inayonyimwa maji hunguruma na kuharibika.

Kelele ya maporomoko isiyo na mzunguko ni jambo jingine. Hapo maji yanaanguka mbali kutoka kwenye kizingiti hadi uso wa maji sandukuni. Refusha bomba la kusimama hadi anguko libaki sentimita 3 hadi 5.

Sifoni kamili isiyotulia

Katika mfumo wa Herbie kuna mabomba mawili ya kushusha: moja limejaa maji tupu na linadhibitiwa na koki, la pili ni la dharura. Mfumo wa Bean Animal unaongeza bomba la tatu, lililo wazi kwa hewa, lipokee maji machache yaliyoizidi sifoni. Yote miwili huwa kimya ikirekebishwa vizuri, na ikisumbua chanzo mara nyingi ni koki.

Koki ya mpini inayofunguka kwa robo mzunguko haifai hapa: kuisukuma milimita moja kunabadilisha mamia ya lita kwa saa. Tumia geti valvu ya PVC (koki inayofungwa kwa mizunguko mingi), iwe karibu na sampu. Ifungue yote, washa pampu, sifoni ishike, kisha funga taratibu hadi maji ya sanduku yapande na michirizi myembamba ianze kupita kwenye bomba la dharura, au kwenye bomba wazi kama una matatu. Kuanzia hapo zungusha moja ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja na usubiri dakika 10 hadi 15. Anayezungusha kila dakika anafukuza kimo ambacho bado hakijatulia.

Umeme ukirudi, mabomba yatapiga kelele dakika moja au mbili yakitoa hewa; hilo ni sawa. Kama baada ya muda huo sifoni haijashika na bomba la dharura linabeba maji yote, mdomo wa chini umezama mno, au bomba lina kipande kilichopinda kwenda juu kinachonasa hewa, au koki imekazwa kupita kiasi kwa mtiririko ulio nao. Sifoni ikishika halafu ikafyonza hewa kwa kimbunga kidogo, mdomo wake wa juu uko karibu mno na uso wa maji. Ushushe uwe sentimita 12 hadi 15 chini.

Maji ya sanduku yakipanda kidogo kidogo kwa siku kadhaa ilhali hujagusa kitu, chujio la mdomo wa sifoni linaziba. Safisha chujio kwanza. Ukifungua koki badala ya kusafisha, unaficha tatizo hadi koki iishe.

Bomba la dharura litoe maji juu ya uso wa sampu, lisizame. Kelele yake ndiyo king'ora chako. Wala usilifunge koki.

Tangi kuu linapanda kuelekea ukingoni

Zima pampu ya kurudisha mara moja. Kisha zima kijazio cha maji, na hili la pili watu hulisahau.

Chukua tangi la sentimita 120 kwa 50, ambapo kila sentimita ya kimo ni lita 6. Ukingo uko sentimita 4 juu ya maji, kwa hiyo nafasi iliyopo ni lita 24. Chumba cha pampu cha 30 kwa 40 kina maji ya sentimita 20, na pampu inaishiwa maji yakibaki 5: inaweza kupandisha lita 18. Bomba la kushusha likiziba kabisa, lita 18 zinaingia kwenye nafasi ya lita 24, na pampu inabaki ikinguruma bila maji. Utapoteza pampu labda, si sakafu. Hivyo ndivyo chumba cha pampu kinavyotakiwa kupangwa: maji yake yanayoweza kupanda yawe machache kuliko nafasi ya juu ya tangi. Kama sivyo, punguza maji ya chumba, au inua pampu juu ya kitako.

Sasa weka kijazio chenye pipa la lita 20. Kihisi chake kinaona chumba cha pampu kimeshuka na kinadhani maji yamevukizwa. Kinamimina, pampu inapandisha, chumba kinashuka tena, kinamimina tena. Lita 18 na 20 ni 38, nafasi ni 24, na lita 14 ziko sakafuni. Hata zisipomwagika, mfumo wa lita 330 uliopokea lita 20 za maji matupu unashuka kutoka uchumvi wa 35 kwa elfu hadi karibu 33. Kwa hiyo pipa la kijazio liwe dogo, na kama kifaa kinaruhusu kuwekewa kikomo cha muda wa kumimina, kiweke kidogo kadiri mahitaji ya siku yanavyoruhusu. Weka kihisi cha pili juu ya mstari wa kawaida wa tangi kuu, kikate umeme wa pampu na wa kijazio kwa pamoja. Mdomo wa mrija wa kijazio ubaki juu ya maji ya sampu: ukizama, na pipa likiwa juu zaidi, sifoni itamwaga pipa zima hata pampu yake ikiwa imezimwa.

Kuhusu kizuizi chenyewe, toa chujio kwanza. Kama halina kitu, ingiza brashi ndefu ya chupa kutoka juu. Konokono, samaki mdogo aliyeruka kizingiti na majani ya mwani hukwama kwenye elbo ya kwanza. Ndani ya mabomba ya zamani huota sponji na konokono wadogo wanaojenga mirija ya chokaa. Hao hupunguza kipenyo polepole. Ndiyo sababu kila bomba la kushusha linastahili yunioni (kiungo cha kufungua na kufunga kwa mkono), ulifungue na kulisafisha sinkini bila msumeno.

Umeme ukikatika, sampu inafurika

Hesabu ya kinyume. Pampu ikisimama, maji ya tangi kuu yaliyo juu ya kizingiti yanashuka, kisha bomba la kurudisha linageuka sifoni na kuvuta hadi mdomo wake uone hewa. Kwenye tangi letu, mdomo uliozama sentimita 4 unashusha lita 24. Ongeza maji ya sanduku na ya mabomba, tuseme lita 6: jumla 30. Sampu ya 80 kwa 40 hupanda sentimita moja kwa lita 3.2, basi itapanda zaidi kidogo ya sentimita 9. Iache na nafasi ya 12 au 13. Mdomo uliozama sentimita 10 ungeleta lita 66, na sampu ingepanda zaidi ya sentimita 20; sampu nyingi za kabatini hazina nafasi hiyo.

Tiba ya kuaminika ni kuinua mdomo. Tundu la kuvunja sifoni kwenye bomba la kurudisha, lenye kipenyo cha milimita 5 au 6 na lililo chini kidogo ya uso wa maji, linafaa kama nyongeza, lakini mwani huliziba, na likiziba halitoi dalili yoyote hadi siku umeme unapokatika. Lipitishie kijiti kila unaposafisha vioo. Valvu ya kuzuia maji kurudi siiamini kabisa kwenye maji ya chumvi: chembe moja ya mchanga au chokaa inatosha kuiacha wazi, na inapunguza mtiririko kila siku ikisubiri siku moja ya kazi.

Jaribu mwenyewe, usisubiri shirika la umeme likujaribie. Zima pampu, tazama sampu inasimama wapi ukilinganisha na mstari wa nne, washa tena, tazama kila kitu kinarudi mahali pake. Fanya hivyo baada ya kila badiliko la mabomba, na skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) ikiwa imezimwa pia, kwa sababu maji yakipanda ndani ya sampu skima iliyozama kupita kiasi hujaza kikombe chake na kumwaga uchafu wote.

Viputo vidogo kama vumbi kwenye tangi kuu

Zima skima kwa saa moja. Viputo vikiisha, chanzo ni skima: mpya hutoa viputo kwa siku kadhaa kabla ya kutulia, ya zamani huenda imezama mno. Visipoisha, tazama kama chumba cha pampu kimeshuka. Pampu inahitaji maji ya sentimita 8 hadi 10 juu ya mdomo wake, la sivyo kimbunga kinaingiza hewa.

Kisha angalia kasi kati ya vigawanyo. Nafasi ya sentimita 2.5 kwenye sampu yenye upana wa 40, kwa lita 1,500 kwa saa, inapitisha maji kwa karibu sentimita 4 kwa sekunde, na viputo vingi vinapata nafasi ya kupanda. Kwa lita 3,000 kasi inapita 8 na viputo vinaburutwa. Panua nafasi au punguza pampu. Soksi ya kuchujia kwenye mdomo wa bomba la kushusha nayo husaidia sana, mradi ibadilishwe kila siku 3 au 4 kabla haijaziba.

Kwa pampu iliyokaa nje ya sampu kuna mtego mmoja: kiungo kilicholegea upande wa kufyonza hakidondoshi maji pampu inapozunguka, bali kinavuta hewa. Mimina maji taratibu juu ya kiungo kimoja kimoja. Viputo vikikatika ghafla, umekipata. Ukizima pampu, kiungo hichohicho kitaanza kudondosha.

Pampu imepoteza nguvu au imegoma kuwaka

Chokaa. Chomoa umeme, fungua, loweka pangaboi na nyumba yake kwenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu kwa nusu saa hadi saa moja, sugua kwa mswaki, suuza. Mhimili wa kauri huvunjika kirahisi, usiupinde. Pampu inayopigapiga ikiwashwa na kuhitaji kutikiswa ina mhimili uliolika au chokaa kwenye sumaku. Pampu za AC (za umeme wa ukutani) zinazonguruma na kupata joto zikiwa kwenye inveta tu zinalalamikia inveta za bei nafuu zisizotoa wimbi safi. Pampu yenyewe ni nzima.

Viungo vinavyovuja

Futa kila kitu kikauke, funga karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, rudi baada ya saa kadhaa. Karatasi ya juu kabisa iliyolowa ndiyo yenye kosa. Za chini zimepokea tu. Ganda jeupe la chumvi bila unyevu ni chumvi inayotambaa kutoka kwenye rusharusha, ifute kwa kitambaa chenye maji moto na uone kama inarudi.

Tanki konekta (kiungo kinachopitisha bomba kwenye tundu la kioo) inayovuja mara nyingi ina washa ya raba upande wa nati. Washa hukaa upande wenye kola, kwenye maji. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Spana hupasua kola au kioo. Silikoni kwenye washa haisaidii, inaifanya iteleze.

Gundi ya PVC haijazi nafasi. Bomba la inchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33 na kitu, la kipimo cha metriki lina 32. Dukani yote huitwa inchi moja, na elbo ya inchi kwenye bomba la metriki huingia kwa ulegevu, hushika kwa wiki, kisha huvuja. Jaribu vipande vikiwa vikavu: bomba likifika mwisho wa soketi bila kubana hata kidogo, rudisha. Sugua kwa msasa, safisha, paka pande zote mbili, ingiza ukizungusha robo, shikilia nusu dakika, na usitie maji kabla ya saa 24.

Kuna jambo moja la duka la vifaa vya ujenzi lisilosameheka. Geti valvu nyingi za mabomba ya nyumbani ni za shaba nyeupe, na vifaa vya PPR vyenye nyuzi za skrubu huwa na kiini cha metali hiyohiyo ndani ya plastiki. Shaba hiyo ina kopa (shaba nyekundu), na kopa huua matumbawe, kamba na konokono hata ikiwa kidogo sana. Mabomba ya chuma ya mabati nayo hutoa zinki. Nunua PVC tupu, hata kama ni kuagiza. Klipu za chuma za mpira zikae juu ya maji, au tumia za plastiki.

Ovaflo ya kuning'inia

Tangi lisilotobolewa hutumia mrija wa U unaovuka ukingo. Viputo hukusanyika kileleni mwa mrija, na vikitosha sifoni inakatika: sampu inakauka, tangi kuu linamwagika. Ukiona hewa juu ya mrija, ama mtiririko ni mdogo mno kusukuma viputo, ama mrija ni mpana mno kwa mtiririko huo, na mirija miwili yenye mtiririko wa mmoja huwa mibaya zaidi kuliko mmoja. Ondoa wa pili kama mmoja unatosha, au unganisha kipampu kidogo cha kufyonza hewa kileleni na ukague mpira wake kila mwezi. Hapa ile hesabu ya chumba cha pampu na nafasi ya ukingo ni lazima itimie, kwa sababu hakuna bomba la dharura. Siku utakapohama au kulimwaga tangi, mpelekee fundi wa vioo alitoboe, baada ya kuhakikisha kioo unachotoboa si kile kilichoimarishwa kwa moto, maana hicho kikiguswa na keekee hupasuka chote.